Ukanda Ukipita, Hakuna Kuongea

Mama aliingia kwenye karakana ya mjomba bila hodi wala salamu, akakanyaga vumbi la mbao na viatu vyake vizuri, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, chagua moja. Mtengenezee shemeji yako upinde, au nikuletee mwenyewe na godoro lake akae hapa na wewe."

Mjomba alizima mota. Mimi nikaweka chini ukanda wa mbao niliokuwa nausaga, nikashusha kitambaa nilichojifunga puani, kana kwamba nilikuwa nasikia kwa pua.

"Amefanya nini tena?" mjomba akauliza.

"Mteja wangu amekuja kuchukua gauni lake. Amelivaa, amejitazama kwenye kioo, amefurahi. Baba yake huyu," akaninyooshea kidole mimi kama vile mimi ndiye niliyemleta baba duniani, "amekaa pale barazani na chai yake. Anamwambia mwanamke wa watu, 'Hapo kiunoni ukikaa tu utaomba hewa.' Mteja amelivua, ameliacha mezani, ameondoka."

"Kwani lilikuwa linambana?"

"Lilikuwa linambana! Ndiyo maana hakutakiwa kuambiwa!"

Mjomba alicheka mpaka akashika meza. Mama hakucheka. Alivuta kigoda, akakipuliza vumbi, akakaa kama mtu aliyekuja kukaa.

Baba ni fundi bomba. Mwaka uliopita ngazi ilimteleza akiwa juu ya tangi la maji la jengo fulani, akaangukia bega la kulia. Bega lilipona, akarudi kukaza mabomba na kufungua sinki kama zamani, ila kazi zenyewe huwa asubuhi tu, na mchana alizoea kwenda klabu ya kulenga shabaha, ule uwanja ulio nyuma ya maghala. Upinde wake wa zamani ulikuwa mgumu, wenzake walikuwa wakiuvuta wanatoa macho. Baada ya kuanguka alijaribu kuuvuta, bega likakataa katikati ya safari. Daktari akamwambia hakuna ubaya, aanze na upinde mwepesi.

Upinde mwepesi klabuni upo mmoja, wa wanaoanza kujifunza. Umepakwa rangi ya njano na kila mtu anauita Ndizi.

"Mimi nishike Ndizi mbele ya watu?" baba alisema. Akatundika upinde wake ukutani, juu ya kabati, na kuanzia hapo mchana wote akawa nyumbani.

Mama ni fundi cherehani, na karakana yake ni baraza yetu. Kwa hiyo mkaaji mpya alikuwa anakaa kazini kwake. Baba alipanga vifuniko vya sufuria kutoka mkubwa mpaka mdogo, halafu akawa anauliza nani amevuruga. Alikaza bawaba za milango yote mpaka ikawa haifunguki bila bega, na sisi wengine tulikuwa na mabega mazima lakini tulichoka. Alimshauri mama jinsi ya kukanyaga cherehani. Mama ameanza kukanyaga cherehani kabla hajamjua baba.

Yote hayo mama alimweleza mjomba, akihesabu kwa vidole. Jambo moja hakulisema kwa sababu hakulijua. Jumapili asubuhi watu wa klabu hupita mbele ya nyumba yetu na mifuko ya mishale mgongoni. Baba huwapungia mkono akicheka. Wakishapita kona, hunyanyua mkono wa kushoto mbele, wa kulia anauvuta nyuma taratibu kuelekea sikioni, bila upinde, bila kitu. Hufika mahali, uso ukajikunja, akashusha. Kisha hutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona Jumapili nyingi, na kila mara ule mkono ulifika mbele kidogo kuliko juma lililotangulia.

"Nikimtengenezea upinde mwepesi atajua," mjomba akasema. "Yule akiutazama tu anajua. Ataniambia nimemletea Ndizi nyingine."

"Basi usimwambie ni wake," mama akasema.

"Nimwambie wa nani?"

"Na hilo nalo nikufikirie mimi? Mwambie wa mtu."

Hapo nikaingilia. Kwa kawaida wakubwa wakizungumza mimi huendelea na kazi yangu, lakini jambo hili lilikuwa kazi yangu. Nikasema, "Mjomba, baba huutazama upinde kwa upana. Akiona una upana mdogo anasema wa watoto. Tuufanye mpana. Upana tuuache, tupunguze unene."

Mjomba akanyamaza, na mjomba kunyamaza si jambo dogo. Anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha: ukipunguza upana, upinde unalegea kidogo, ukipunguza unene, unalegea sana.

"Unene ufike wapi?" akauliza.

Nikachukua ukanda uliokwisha kusagwa, nikauonyesha ubavuni. "Nusu ya huu. Labda chini ya nusu."

"Gogo la msasa litautafuna."

"Tukienda polepole halitautafuna."

Mama akasimama, akajikung'uta. "Sielewi mnachosema, lakini naona mmeanza," akasema, akaenda zake.

Pinde zetu hatuzichongi kutoka mti mmoja. Mjomba hupasua mbao kwa msumeno wa mota, zinatoka kanda ndefu nyembamba kama rula, kisha tunazibandika kwa gundi moja juu ya nyingine, na mgongoni tunaweka ubapa wa mwanzi. Kabla ya gundi lazima kila ukanda usagwe, na hapo ndipo penye kazi. Mashine ya kusaga mjomba aliitengeneza mwenyewe: gogo la mti lililochongwa duara likavishwa msasa, linazungushwa kwa mota iliyotoka kwenye mashine mbovu ya kufulia nguo. Chini ya gogo pana meza ndogo inayopanda na kushuka kwa skrubu. Unabandika ukanda juu ya kibao chenye mwinamo, yaani kibao ambacho kichwani ni kinene na mkiani ni chembamba kwa kiasi ambacho jicho halioni, unakisukuma chini ya gogo, na ukanda unatokea upande wa pili nao ukiwa na kichwa na mkia. Kichwa kitakaa karibu na mshikio wa upinde, mkia utaenda nchani. Ndivyo upinde unavyokunjika vizuri, kidogo katikati na zaidi kuelekea ncha.

Siri yake ni moja. Ukishaanza kusukuma, husimami. Ukisimama hata kwa kupenga kamasi, gogo halisimami pamoja nawe. Linaendelea kula pale pale, linachimba kibonde. Kibonde chenyewe huwezi kukiona. Utakiona siku upinde unapokatikia hapo.

Na mjomba wangu, Mungu amweke, ana mdomo. Hawezi kufanya kazi bila hadithi, na akifika panapochekesha mikono yake husimama. Mimi nikipitisha kidole juu ya ukanda aliousaga yeye, naweza kukuonyesha utani ulianzia wapi. Kwenye kanda nene hapakuwa na neno, zilivumilia. Ndiyo maana kusaga aliniachia mimi, yeye akabaki na msumeno na gundi. Lakini kwa kanda hizi nyembamba alisema hapana, ni hatari, gogo linaweza kunyakua ukanda na kuurusha usoni kwangu, atasukuma mwenyewe. Nikapewa kupokea upande wa pili.

Alisukuma vizuri mpaka karibu na mwisho. Kisha akakumbuka jirani yake aliyenunua kitanda kikubwa kuliko mlango.

"Wamekiingiza kwa ubavu, hakipiti. Wamekigeuza, hakipiti. Mke yuko ndani, mume yuko nje, kitanda kiko katikati. Mke anasema..."

"Mjomba, mikono."

"Nasukuma, nasukuma. Mke anasema, 'Basi lala huko huko!'"

Tulibandika zile kanda na gundi, tukangoja zikauke, tukakata umbo, tukaufunga upinde kwenye ubao wa kuufundishia kukunja. Mjomba alivuta kamba kidogo, akaachia, akavuta tena zaidi. Ukasikika mlio kama wa mtu anayevunja kuni. Mkono wa juu wa upinde ulikatika, na nilipousogeza karibu na macho, ulikatikia pale pale kitanda kilipokwama mlangoni.

Mjomba alitazama vile vipande viwili. Hakuleta ubishi. Alinipa kibao cha kusukumia, akaenda kusimama upande wa kupokea.

"Mjomba, sharti," nikasema. "Ukanda ukipita, hakuna kuongea."

"Hata neno moja?"

"Hata kukohoa kwa kuchekesha."

Alikubali, lakini alivyoteseka! Mimi nasukuma, yeye ameshika ncha kwa vidole viwili bila kuvuta, midomo ameibana, mashavu yamejaa kama ya mpuliza tarumbeta. Ukanda ukimaliza kupita anaachia pumzi na maneno yote kwa pamoja: "Sasayuledadaaliponiambia..." Mpaka anamaliza hadithi, mimi nimeshabandika ukanda mwingine.

Tulikuwa katikati ya ukanda mmoja baba alipoingia na kibakuli cha chakula. Mama alikuwa amemtuma, na ninavyomjua mama, chakula kilikuwa sababu tu ya kumtoa barazani.

"Aa, kumbe mnasaga," baba akaanza. "Mbona unasukuma kwa kiganja? Mtu anasukuma kwa..."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini. Nikasema bila kugeuka, "Samahani baba, ukanda ukipita hakuna kuongea."

Nilisikia kijiko kikigonga kibakuli. Sijawahi kumwambia baba yangu anyamaze tangu nizaliwe, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia akafanikiwa. Akamtazama mjomba, akitarajia aunge mkono ukubwa wake. Mjomba, mashavu yamevimba, akatingisha kichwa: ndivyo sheria ilivyo.

Ukanda ukaisha. Wote wawili wakafunguka kwa pamoja.

"Yaani binti yangu mwenyewe..."

"Shemeji, afadhali umekuja, mimi hapa nakufa..."

"...na mbele ya shemeji yangu..."

"...hata kukohoa kanikataza!"

Nilimpa baba ule ukanda ili mikono yake ipate la kufanya. Akaacha kulalamika, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha pili, polepole, macho ameyafumba. Fundi bomba huujua ufa kwa kuupapasa gizani nyuma ya ukuta.

"Una matuta," akasema. "Madogo madogo, yamefuatana. Kama bati."

Mimi nilikuwa nimeyahisi lakini nilidhani ni mkono wangu. Baba akainama chini ya meza, akashika mguu wa mota ikiwa inazunguka, akashika mguu wa meza. "Mota yenu inatetemesha meza. Meza inacheza ngoma, gogo linaandika." Akatoa mfukoni mipira ya bomba, zile pete nyeusi ambazo hazimwishi, akaniagiza nizime, akaiweka chini ya miguu ya mota na kukaza upya. Tukapitisha ukanda mwingine. Ulitoka laini kama shavu la mtoto.

Ndipo akaupima kwa macho ubavuni, na nyusi zikapanda.

"Mbona mwembamba hivi? Huu upinde wa nani?"

"Wa mama mmoja," mjomba akasema haraka. "Mteja."

"Mama gani?"

"Mama mmoja hivi. Mtu mzima."

"Ana nguvu?"

"Za mdomo, nyingi. Za mkono, bega lake linamsumbua."

Nilijitia kufagia. Nilidhani hapo ndipo baba atakapotukamata. Badala yake uso wake ulibadilika, akavuta kile kigoda.

"Bega," akasema. "La kulia?"

"La kulia."

"Basi msiende mbio. Bega si kitu cha kufanyia majaribio. Mama wa watu asije akaumia kwa haraka zenu." Akafungua kile kibakuli alichotuletea, akala chakula chetu akifikiri.

Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata. Alipokea kanda upande wa pili badala ya mjomba, kwa mkono wake wa kulia, akitembea kinyumenyume taratibu bila kuvuta, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba baba yangu anaweza kukaa kimya muda mrefu kama kuna sababu. Huku nyuma barazani wateja wa mama walianza kurudi. Yule wa gauni alirudi pia, akasema lipanuliwe kiuno.

Tatizo likabaki moja: hatukujua tusage mpaka wapi. Mwepesi ndiyo, lakini mwepesi kwa nani? Ukizidi, mshale hautafika. Ukipunguka, bega litakataa katikati tena, na baba akishindwa mara ya pili hatajaribu ya tatu. Nililala nikiliwaza hilo, nikaamka nalo.

Mjomba ana mizani ya ndoano, ya kuning'inizia vitu. Niliifunga kwenye nguzo, nikaifungia kamba.

"Baba, nisaidie. Sisi hatujui mtu mwenye bega bovu anaweza kuvuta kiasi gani. Wewe unajua. Tuonyeshe kama ungekuwa yule mama."

"Yule mama ni dhaifu kuliko mimi."

"Ndiyo, baba. Wewe fanya kama yeye."

Alisimama kwa mbwembwe, akalegeza magoti eti ndivyo wanawake wanavyosimama, mjomba akavunjika mbavu. Kisha akavuta kamba. Mjomba alikuwa anatazama mizani. Mimi sikutazama mizani, nilitazama uso. Baba alivuta akitabasamu, akavuta akitabasamu, halafu tabasamu likabaki limesimama peke yake bila macho.

"Hapo," nikamwambia mjomba. "Soma hapo."

"Hapo palikuwa rahisi," baba akasema, akilegeza kamba.

"Najua, baba. Ndipo tunapotaka."

Nikasaga mpaka kidogo chini ya pale. Zile za mwisho nilizisaga kwa msasa mlaini, nikisukuma kwa mwendo wa konokono, na ukizishika zilikuwa zinalegea mkononi kama jani la mgomba. Tulizipaka gundi, tukazipanga juu ya kalibu, ule ubao wenye umbo la upinde, vichwa kwa vichwa, mwanzi mgongoni, tukazifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli iliyokatwa vipande, tukizungusha na kukaza, watu watatu mikono sita, gundi mpaka kwenye nyusi. Baba alitoa amri zote. Nyingi tulizitii. Tukauanika chini ya bati lenye jua.

Ulipotoka kwenye kalibu ulikuwa mzuri. Mpana kama kiganja, mweusi kwa mafuta, mwembamba mpaka ukiugeuza ubavuni unapotea. Kwenye ubao wa kufundishia ulikunja mikono yote miwili sawasawa kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Mjomba aliukwangua hapa na pale, kisha akaniangalia, kisha akaangalia dari.

"Shemeji, mimi mikono ina gundi. Hebu ujaribu kwa mkono tuone."

Gundi ilishakauka siku nyingi. Baba akaushika. Akasimama, safari hii bila mbwembwe, mkono wa kushoto mbele, wa kulia ukarudi nyuma. Nikajikuta nimeshika ufagio kama ndio kamba. Mkono ulifika kidevuni, ukapita, ukafika sikioni. Ukatulia. Bega halikupanda. Taya halikukaza. Hakuna ukanda uliokuwa unapita, lakini hakuna aliyesema neno.

Baba akaurudisha uzi polepole. Akauvuta tena. Akaurudisha.

"Huyu mama ana bahati," akasema.

Akaufuta vumbi kwa shati lake, akautundika kwenye msumari, akaurekebisha usiguse ukuta.

"Anakuja lini kuuchukua?"

"Jumamosi," mjomba akajibu, na nilimwona akitamani kusema yote. Mimi pia nilitamani. Lakini mama ndiye aliyekuwa na sauti katika jambo hili.

Zile siku zilizobaki baba hakuja karakana. Alikaa barazani na chai yake, na mteja akajaribu blauzi ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa bahati mbaya ya mama mwenyewe, baba akaitazama na asiseme lolote. Mama akaniita jikoni.

"Amenyamaza. Ameona mkono ule na amenyamaza. Anaumwa?"

"Anautaka upinde, mama."

Mama akaacha kukoroga. Akafuta mikono. "Basi mimi nilidhani nimemtafutia pa kwenda tu," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani.

Jumamosi baba alitutangulia karakana. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi. Alisema amekuja kumweleza yule mteja namna ya kuutunza, maana mjomba akieleza ataingiza kitanda na mlango. Alikuwa bado anapanga maneno yake mama alipoingia, amevaa vizuri, mkoba kwapani.

"Umefuata nini huku?" baba akamuuliza. "Kuna mteja anakuja."

"Ndiye mimi."

Baba akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akamtazama mjomba, mjomba akatazama gogo. Akanitazama mimi. Mimi sikuyakwepa macho yake, kwa sababu niliona hilo ndilo lililobaki la heshima. Nikaliona lile jambo likimwingia: bega la kulia, nguvu za mdomo, mizani kwenye nguzo.

Akakaa kwenye kigoda. "Mmenichezea," akasema. "Nyote. Nimejitengenezea Ndizi kwa mikono yangu."

Niliogopa kweli. Niliona angeweza kutoka pale, kwenda nyumbani, na nisingeuona mkono wake ukinyanyuka tena hata nikiwa nyuma ya pazia.

"Nani amekuambia ni wako?" mama akasema. "Nimeagiza mimi. Kaka, nani ameagiza?"

"Umeagiza wewe," mjomba akasema.

"Basi ni wangu. Niletee upinde wangu."

"Wewe unajua kuvuta upinde?" baba akauliza, bado amenuna.

"Sijui. Kwani ninyi mlizaliwa nao?"

Akautungua msumarini. Aliushika juu chini, akatia vidole kwenye uzi na kuvuta. Naye ana nguvu mama, miaka yote ya kukunja vitambaa vizito. Uzi ulimfika kifuani. Akageuka na ule upinde uliovutwa, hauna mshale, vidole vikaanza kumteleza.

"Usiachie!"

Sijui baba aliondokaje kwenye kile kigoda. Kilianguka baadaye. Ukiachia uzi bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye zile kanda, na kanda nyembamba kama zile zinapasuka mikononi mwako. Alikuwa amemfikia mama kwa nyuma, mkono wake wa kushoto juu ya wa mama kwenye mshikio, wa kulia juu ya vidole vya mama kwenye uzi.

"Usiachie, mke wangu. Usiachie hewani. Twende nao. Polepole. Polepole hivyo hivyo."

Wakaurudisha pamoja. Uzi ukalala. Hawakuachana mara moja.

"Vumbi lote lile," baba akasema, anahema. "Kusaga kote kule. Ungeuvunja kwa mpigo mmoja!"

"Ndiyo maana nahitaji mtu wa kunifundisha," mama akasema. "Kesho ni Jumapili. Utanibebea, utanionyesha. Na siku nisizokuwa na nafasi, ambazo ni nyingi, nina kazi za watu, utanisaidia kuuvuta. Kitu kipya hakikai bure."

Baba akautazama upinde, akamtazama mama. Akaugeuza, mkono wa juu ukakaa juu, akamrudishia mikononi inavyotakiwa.

"Unashikwa hivi," akasema.

Jumapili tulipita sisi wenyewe mbele ya nyumba yetu, baba na upinde, mama na mwavuli, mimi na mishale. Uwanjani rafiki yake mmoja, dereva wa lori, alimwona kwa mbali akapaza sauti.

"Jamani, fundi bomba yu hai! Na huo nini, upinde au mlango wa choo?"

"Wa mke wangu," baba akajibu, kifua mbele. "Namjaribia."

Dereva aliupapasa, akaugeuza ubavuni, akapiga mluzi. "Nani kasaga hizi?"

"Binti yangu. Na mimi nilikuwa napokea."

Akasimama kwenye mstari. Akavuta mpaka sikioni, nikalitazama bega na halikusema kitu. Akaachia. Mshale uliinama mapema, ukajichomeka kwenye nyasi mbele ya shabaha, ukatingisha mkia.

"Hee," mama akasema chini ya mwavuli wake, "kumbe miaka yote mlikuwa mnakuja kupiga nyasi?"

Uwanja mzima ukacheka, baba akacheka kuliko wote. Alikuwa amelenga kwa desturi ya upinde wake mgumu. Akachukua mshale wa pili, akainua mkono kidogo zaidi, akangoja. Ule ukapanda na kushuka kama upinde wa mvua mdogo, ukapiga ukingo wa shabaha, si katikati, si karibu na katikati, lakini kwenye shabaha.

Hakuna aliyepiga makofi, watu walishaanza kushughulika na mishale yao. Ulikuwa mshale wa kawaida wa mtu wa kawaida wa Jumapili.

"Zamu yangu bado?" mama akauliza.

Baba hakugeuka. Macho yalikuwa kule mbele, na mkono wake wa kulia ulikuja nyuma, kiganja wazi, kuelekea kwangu.

"Ngoja kidogo, mke wangu," akasema. "Mwanangu, mshale."